Ghorofa Kumi na Nane na Goti la Kushoto

Mwaka 1996, nikiwa na miaka thelathini na mmoja, goti langu la kushoto lilianza kuuma, na shida zangu za Toronto nazihesabu kuanzia hapo. Yaliyotangulia nayaruka. Wazazi wangu walikuwa nani, ndege niliipandaje, nani alinipokea, hayo kila mtu anayo na kila mtu anayasimulia kwa namna moja. Goti hili ni langu peke yangu. Sikuanguka wala sikugongwa. Siku moja ya Oktoba nilikuwa nateremka ngazi za jengo la watu na ndoo mkononi, nikasikia nyuma ya pia ya goti kitu kama mchanga unaosagwa kati ya vigae viwili, na toka siku hiyo kila nikiteremka, linasaga. Kupanda nilivumilia. Kuteremka ndiko kulikonitoa machozi, na kuchuchumaa, na kukaa ndani ya basi goti limekunjwa kutoka kituo cha kwanza mpaka cha mwisho. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, na simwombi mtu radhi kwa hilo. Lakini kuhusu goti, keti nikufundishe.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya Filomena. Jumapili iliyopita alikuja kula kwangu, Scarborough, baada ya miaka kumi na tisa hatujaonana. Filomena ni Mgoa, amezaliwa Nairobi, wazazi wake wakamleta huku hajamaliza shule ya msingi. Kazi yake yote ya maisha ni kupima magoti ya watu. Ameyapima hapa, kisha akaenda kuyapima upande wa magharibi wa nchi, na sasa amerudi kustaafu, nywele nyeupe kama pamba. Nikamwambia ateremke chini, ndiko nilikotandika mkeka na kupakua pilau. Nikamwona anashika ukuta, anateremka upandeupande kama kaa. Nikasimama pale chini na sinia mikononi. "Magoti?" nikamwuliza. "Magoti," akajibu. Nilicheka mpaka nikaiweka sinia sakafuni. "Usicheke, Dada," akasema. "Nisicheke kwa nini? Mganga hajigangi, nimeyasikia toka utotoni, leo nimeyaona na macho." Na yeye akacheka, akaketi palepale kwenye kipandio cha mwisho, tukaanza kuulizana ya mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa nakaa Parkdale, chumba kimoja na Mama Kanku. Mama Kanku ni mwanamke wa Lubumbashi, mshonaji, mkubwa kwangu kwa miaka kumi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka barabara ya pili. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, cherehani katikati kama mpaka wa nchi, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Ukuta huo ulikuwa na ufa, na sisi tuliujua ule ufa kama watu wengine wanavyojua mandhari. Jiko lilikuwa la watu wa vyumba vitatu. Tulipika ugali wa unga wa njano wa dukani, usioshikana hata uusonge na mashine, na sombe, yaani kisamvu cha kwao, aliyoinunua Mama Kanku imegandishwa kama tofali. Mimi nilikuwa na dagaa wangu kwenye kopo la maziwa, na siku ya kuwakaanga jirani wa chumba cha mbele alikuwa anafungua mlango, anavuta pumzi, anaufunga. Mama Kanku alikuwa anamwambia kwa Kifaransa maneno ambayo hakuwahi kunitafsiria. Tulikula kitandani, sahani mapajani. Nikikumbuka kicheko cha chumba kile, siamini kwamba tulikuwa watu wawili tu.

Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa wangu. "Weye, hiyo goti ni baridi," alisema Mama Kanku. "Baridi ya huku inaingia mu mifupa kama mwizi. Bon, tutaitoa." Akaponda vitunguu saumu kwenye mafuta ya nazi, akanisugua goti kila jioni mpaka nikawa nanuka kama mboga iliyoungwa. Kwenye tramu, lile basi la reli, watu walikuwa wanahama viti. Mama Kanku akaona hiyo ndiyo faida: "Ona, unakaa peke yako kama mama wa presida." Nikaenda kwa daktari wa kliniki. Akapiga picha ya mfupa, akaiweka kwenye taa, akaitazama, akasema picha safi, mfupa mzuri, hakuna kitu. Nilitoka nimekasirika. Ningefurahi angesema limevunjika. Maumivu ambayo hayamo kwenye picha, mtu mweusi mwenye kazi ya kudeki atamwonyesha nani?

Na sababu ya hasira ilikuwa hii. Tajiri wangu aliitwa Mzee Sadru, Mwismailia wa Mwanza, mtu mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya theluji, anayezungumza Kiswahili cha dukani kilichonyooka kuliko cha kwangu. Alikuwa na tenda za usafi wa majengo, na moja lilikuwa ghorofa kumi na nane kule Thorncliffe Park. Alikuwa amechoka kusimamia watu. Mwisho wa mwaka aliniita akaniambia: "Mwanaidi, wewe huchelewi na husengenyi. Nataka nikukabidhi jengo hili. Liwe lako, uajiri watu wako, mimi unanipa sehemu yangu tu. Lakini sikupi kwa huruma. Ngazi zote mbili, juu mpaka chini, kuanzia Januari mpaka mwisho wa Machi, uzifanye peke yako. Ukikosa siku, ukiugua, ukilalamika, nampa mwingine. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Nilitamka neno hilo nimesimama kwa mguu wa kulia, kwa sababu wa kushoto ulikuwa unawaka. Kuna watu wanaomba vitu vikubwa. Mimi nilikuwa naomba ngazi. Nikizipata, sitasimamiwa tena na mtu maisha yangu yote. Nikizikosa, nitabaki kuwa mkono wa kushika dekio la mwenye jengo.

Sasa niseme kosa langu, maana sipendi wazee wanaosimulia ushindi wakaficha upumbavu. Kwetu mwanamke akifagia au akideki, anainama kutoka kiunoni. Miguu imenyooka, inalegea kidogo magotini, mgongo bapa kama meza, makalio juu, mkono chini. Anaweza kufagia uwanja mzima hivyo huku anamsema jirani yake, na akimaliza anainuka bila kushika kitu. Nilifanya kazi hivyo toka nina miaka sita. Nilipofika Toronto, mwaka wa kwanza, msimamizi mmoja alinikuta nimeinama kwenye ukumbi wa mbele, akageuza uso akacheka, akaniambia wapangaji hawapendi kuingia nyumbani wakakutana na kitu kile. Niliona haya hadi kwenye kucha. Halafu ule mwaka wa 1996, mwezi wa nane, Mzee Sadru akaleta mtu na karatasi za michoro. Mfanyakazi wake mmoja alikuwa ameumia mgongo, na yeye hakutaka mwingine. Mtu yule akatuonyesha: chuchumaa, mgongo wima kama mlingoti, magoti mbele, sugua, inuka, shuka kipandio, chuchumaa tena. Tukaweka sahihi kwamba tumefundishwa. Wenzangu walikuwa wakipewa kisogo wanarudia mtindo wao. Mimi, kwa sababu sikusoma, nilidhani hawa wamesoma hata kuinama. Nikachuchumaa kila kipandio, ghorofa kumi na nane, ngazi mbili, siku sita kwa wiki. Agosti, Septemba, na Oktoba goti likaanza. Na sikuunganisha kamba na mbuzi. Mtu mzima, mwenye akili zangu.

Januari ikaja na barafu yake. Nilikuwa nimebuni njia ya kuteremka: upandeupande, mkono ukutani, mdomo ukilaani. Nikisikia mlango wa ghorofa unafunguliwa nasimama wima, natabasamu, "habari ya asubuhi," mpangaji akipita narudi kwenye kulaani. Nilirudi kliniki kutaka dawa ya maumivu, na pale mlangoni kulikuwa na msichana mwenye meza ndogo na karatasi, anatafuta watu. Alikuwa mwembamba, miwani mikubwa, rangi ya Kihindi, msalaba mdogo shingoni. Akaniuliza kwa Kiingereza kama naumwa nyuma ya pia ya goti ninaposhuka ngazi. Nikasema kwa Kiswahili, nafsini mwangu, lakini kwa sauti: "Huyu naye nani kamwambia?" Akainua macho. "Mimi nasikia Kiswahili, Mama," akasema. "Kusema ndiyo shida. Mama yangu nasema na sisi jikoni tu." Huyo ndiye Filomena. Nikamwambia mimi si mama yake, tunapishana miaka mitano, aniite dada. Akaniambia wako chuo kikuu, wanapima mzigo unaokaa ndani ya goti la mtu anayeumwa kama mimi, tofauti na la mzima. "Mtanitibu?" "Hapana. Iko kupima tu." "Na majibu yanakwenda wapi?" "Kwa kompyuta yetu. Hakuna mtu najua jina yako." Nikasema nitakuja. Sikumwamini hata kidogo kuhusu lile la jina. Maisha yangu yote nimeona karatasi ya ofisi hii ikizungumza na karatasi ya ofisi ile.

Chumba chao kilikuwa chini ya ardhi, hakina dirisha, kina kamera kila kona na bamba za chuma sakafuni zinazojua umekanyaga kwa nguvu gani. Katikati kulikuwa na ngazi ya mbao ya vipandio vinne inayoishia hewani, kama fundi aliishiwa mbao. Filomena akanisomea fomu mstari kwa mstari. Kisha akanipa bukta. Nikaitazama, nikamtazama. "Hii ni ya nani?" "Yako, Dada. Kamera inataka kuona mguu." "Kamera haijanioa." Akaondoka, akarudi na suruali ndefu nyeusi ya kubana, akawatoa wanaume wote nje, akavuta pazia, akanibandika vitufe vinavyong'aa nyongani, pajani, magotini, vifundoni, mpaka nikafanana na mti wa Krismasi wa watu wengine. Profesa wake akabaki upande wa pili wa pazia na kompyuta. Wakaniambia panda, shuka. Panda, shuka.

Na mimi nikajikaza. Kwetu mwanamke anafundwa toka unyagoni kwamba maumivu ni ya chumbani, hayatembezwi. Tena nilikuwa na Mzee Sadru kichwani: wakiona nachechemea, karatasi itatembea, na ngazi zangu zimekwenda. Nikapanda kama malkia, nikashuka kama malkia, meno yameumana. Mara kumi. Nikakaa kupumzika, nikamsikia profesa nyuma ya pazia. Kiingereza cha kuniamkia kilikuwa kinanipita, lakini cha kunisema nilikielewa vizuri sana. Alisema: "Huyu hana tatizo lolote. Anatembea kama bi harusi. Mtoe, ataharibu hesabu zetu." Filomena akasema subiri. Akaja akaketi karibu yangu kwenye kile kipandio cha juu, miguu yetu inaning'inia. Akaninong'oneza: "Dada, wewe nadanganya sisi." "Sijadanganya mtu. Mmesema nishuke, nimeshuka." "Hii chumba iko baridi kama friji. Wewe iko na jasho juu ya mdomo." Nikajipangusa. "Kama wewe naficha, mashine nasema goti yako mzima. Halafu sisi naandika kwa kitabu: watu kama huyu hawaumwi." Nilikuwa nimeshaambiwa na picha kwamba siumwi. Sasa nilikuwa nakwenda kuambiwa na kitabu, na shahidi wa uongo ni mimi mwenyewe. Nikamweleza yote: Mzee Sadru, Januari mpaka Machi, kumi na nane mara mbili. Akaapa kwa ule msalaba wake kwamba hakuna karatasi itakayotoka pale. Wiki iliyofuata nikarudi, nikashuka ngazi yao jinsi ninavyoshuka nikiwa peke yangu, upandeupande, na laana zangu zote. Profesa akafurahi mpaka akapiga kofi moja. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kushangilia kwa sababu nachechemea.

Jumapili nilipomkumbusha Filomena lile kofi alisema: "Ulituogopesha. Tangu siku ile, kila mtu niliyempima namtazama mdomo wa juu kwanza." Kiswahili chake siku hizi kimenyooka. Amekiokota wapi huko magharibi sijui. Anasema alikifuata kwa makusudi, mama yake alipofariki, kwa sababu hakuwa tena na jiko la kukisikilizia. Nikamwongeza pilau. Mtu anapokuambia jambo kama hilo, huna cha kumpa zaidi ya nyama.

Siku ile ya pili, kipimo kilipokwisha, Filomena akaniambia kuna kitu anataka kukiona ambacho hakimo kwenye kazi yao. "Nionyeshe wewe naosha ngazi namna gani." Nikampa ile ya karatasi: chuchumaa, mgongo wima, magoti mbele, sugua. Kwenye kioo kidogo cha upande wetu wa pazia, mstari wa mzigo wa goti ukapanda kama mlima. Nikainuka nikiwa nimeshika ubao. Kitufe kimoja kikabanduka gotini, kikadunda, kikabingirika mbele ya ngazi, na mimi bila kufikiri nikakiokota jinsi mkono wangu unavyojua kuokota. Kiuno kikakunjika, miguu karibu imenyooka, makalio yakaelekea kwa kamera. "Simama hivyohivyo," Filomena akasema. "Usitoke." "Nisimame hivi mpaka lini? Damu inaniingia kichwani." "Kidogo tu. Profesa lazima naona." "Yule mwanamume asithubutu kupita hilo pazia." Akacheka, akamwita atazame upande wake, kwenye kioo, na mimi nikabaki vile nimeshika kitufe, nikisikia wanazungumza haraka. Halafu wakataka tena. Chuchumaa. Inama. Chuchumaa. Inama. Kila nikichuchumaa mstari unapanda mlima, kila nikiinama unalala.

Filomena akanikalisha akanieleza, na hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kitu kikanikaa vile. Akachukua utepe wa kupimia nguo, akaupitisha juu ya pia ya goti langu, akavuta ncha zote mbili. Goti limenyooka, utepe umelala tu. Akalikunja, utepe ukabana, ukazama. "Huu utepe ni msuli ya paja," akasema. "Wewe nachuchumaa na kifua wima, msuli hii peke yake nashika mwili mzima, nasukuma pia ndani ya mfupa." Kisha akachukua kalamu akanibonyeza kiganjani kwa ncha. Nikavuta mkono. Akachukua daftari akanibonyeza kwa nguvu ileile. Sikusikia kitu. "Mzigo ni moja. Maumivu iko kwa mahali gani mzigo nakaa. Pia ya goti yako nagusa mfupa mahali kidogo, kama ncha ya kalamu." "Na nikiinama?" "Kifua iko mbele, kazi nahama. Nyonga nabeba." "Makalio," nikasema. "Ndiyo. Hayo." "Basi nina wapagazi wawili wakubwa hapa nyuma, na mimi nimempa mzigo mtoto." Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akawa mkali kidogo: si kila goti ni sawa, yeye si daktari wangu, mgongo uwe bapa usikunjwe kama upinde, na niende kliniki wanipe mazoezi ya nyonga na mapaja. "Nani nafundisha wewe kuchuchumaa?" "Karatasi." "Na kabla ya karatasi?" "Kabla ya karatasi nilikuwa na akili."

Mazoezi nikapewa. Lala chali, inua nyonga. Lala ubavu, inua mguu. Simama mguu mmoja umeshika kiti. Mama Kanku akanikuta chumbani nimelala chali napandisha nyonga na kushusha, akaacha cherehani. "Mwana, weye iko nacheza ngoma gani hiyo bila muziki?" Nikamwambia ni dawa. "Dawa? Miye nilizaa watoto ine na hiyo dawa." Akafungua redio ya kaseti, akaweka gitaa za kwao, akalala sakafuni karibu yangu na kitambaa chake kichwani, na toka jioni ile tukawa tunafanya mazoezi pamoja, cherehani imesukumwa ukutani, jirani wa mbele anagonga. Vitunguu saumu tukavirudisha kwenye chungu vilikotoka. Na kazini nikaiacha karatasi. Nikaanza juu, ghorofa ya kumi na nane, uso kwenye vipandio, kiuno kimekunjika, makalio yanatazama paa, nikashuka kinyumenyume kipandio kwa kipandio, nadeki na kuimba. Wiki ya kwanza goti lilisaga. Wiki ya tatu lilinung'unika tu. Mwanzo wa Machi niliteremka ghorofa tano nikifikiria mambo mengine, nikasimama ghafla kwa kushtuka: nilikuwa nimesahau kuumwa.

Ndipo mpangaji akapeleka malalamiko juu ya kuinama kwangu. Mzee Sadru alikuja mwenyewe, Jumatano, akanikuta ghorofa ya kumi na nane ndiyo kwanza naanza. Nilisikia viatu vyake, sikuinuka. "Mwanaidi," akasema, "hivyo ndivyo nilivyowafundisha?" "Sivyo." "Uliweka sahihi." "Niliweka." "Mgongo ukivunjika, mimi nitajibu nini?" Nikainuka, bila kushika kitu, nikamtazama. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Ningeweza kuomba radhi, nikachuchumaa mbele yake, akaridhika akaondoka. Ulimi ukakataa. Nikamwambia: "Mzee, goti langu linauma toka Oktoba. Liliumizwa na hiyo karatasi yako." Uso wake ukafunga kama duka. "Toka Oktoba. Na Desemba nikakuuliza umesikia, ukasema nimesikia." "Nilisikia. Ningekuambia ungenitoa." "Ndiyo, ningekutoa." "Ndiyo maana sikukuambia. Sasa limepona kiasi cha kufanya kazi, na limepona kwa mtindo huu unaoulalamikia. Kama huniamini, teremka na mimi. Zote kumi na nane. Tuone nani atashika ukuta."

Mzee Sadru alikuwa mtu wa majivuno kama mimi, na hilo ndilo lililoniokoa. Akakunja suruali yake yenye pasi, akasema twende. Mimi nikadeki kinyumenyume, yeye akateremka mbele yangu mikono nyuma, anatazama kila kona kama anakagua gereza. Ghorofa ya kumi na nne alikuwa bado anaongea habari za Mwanza. Ya kumi akanyamaza. Ya nane akaanza kushika chuma. Nilikuwa nasikia pumzi yake, sikugeuka, heshima ni heshima. Ya sita nikasikia kimya, nikageuka, nikamkuta ameketi kwenye kipandio kikavu, anasugua pia za magoti yake kwa viganja viwili. "Yanasaga?" nikamwuliza. "Miaka minane," akasema. "Daktari anasema picha safi." Tukatazamana. Nikaegemeza dekio, nikakaa kipandio cha chini yake, nikamweleza utepe, kalamu na daftari, vilevile nilivyoelezwa, na nikasema lile neno la nyuma bila kulizunguka. Yule mzee wa pasi alicheka, sauti ikapanda ngazi mpaka juu ikarudi. "Bibi aliyetulea Mwanza alikuwa anafagia hivyo," akasema. "Hakuwahi kusema ah. Mimi nikamleta mtu na michoro." Akashika chuma akainuka. "Maliza hizo sita. Mimi nachukua lifti." Mlango wa lifti ulipofunguka akasema bila kunitazama: "Wiki mbili zilizobaki zimalize, neno ni neno. Aprili mosi uje uweke sahihi, jengo ni lako. Ila pale ukumbi wa mbele, asubuhi watu wakitoka kwenda kazini, usiiname hivyo." "Wakitoka," nikamjibu, "watazame sakafu iliyong'aa."

Nilizimaliza zile wiki mbili. Aprili mosi niliweka sahihi, herufi kubwakubwa, kalamu imetoboa karatasi. Jioni Mama Kanku alichinja kuku wa dukani, namaanisha alimkata kama aliyemchinja mwenyewe, na akaenda kumgongea jirani wa mbele akamwambia leo usifunge mlango, leo njoo. Akaja kweli, mwanamume mpole kumbe, akala ugali kwa uma. Filomena alikuja na keki ya tabaka ya mama yake, ya nazi na mayai, akala dagaa kama mtu aliyenyimwa. Tulikuwa wanne kwenye vitanda viwili, miguu imefika kwenye cherehani. Mwezi wa tano niliajiri wanawake wawili. Somo la kwanza nililowapa, kabla ya sabuni na ndoo, ni kuinama, na aliyeona haya nilimwambia haya aiache nyumbani kwake pamoja na viatu vya kisigino. Mama Kanku alihamia Montreal kwa binti yake miaka mingi iliyopita, na mpaka leo akipiga simu haanzi na salamu, anaanza na "nyonga iko sawa?"

Jumapili tulipomaliza kula nilimwinua Filomena pale kwenye mkeka. Nikamwambia inama uokote hizi sahani. Akachuchumaa, mgongo wima, akasema ah. "Filomena." "Najua, Dada, najua. Mimi mwenyewe nimeandika habari hiyo." "Kuandika umeandika. Sasa inama nikuone." Profesa mzima, nywele nyeupe, akakunja kiuno, makalio juu, akaokota sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mjukuu wangu aliyekuwa anashuka ngazi akasimama akauliza kwa Kiingereza tunafanya nini. Hakuna aliyemjibu, tulikuwa tunacheka. Tulipotulia aliniuliza, "Na wewe, Dada, mwaka ule ulikupa nini hasa?" Nilimhesabia, na hapa narudia kama nilivyomwambia.

Nina nyumba ya matofali Scarborough, vyumba vinne na sehemu ya chini, haina deni. Nina tenda za majengo tisa, pamoja na lile la Thorncliffe. Nina wafanyakazi ishirini na sita, wanawake ishirini na wanaume sita. Nina magari matatu ya kazi na moja la kwangu. Nina mashine nne za kung'arisha sakafu. Nina shamba la ekari sita kwetu Korogwe, limepandwa michungwa, na nyumba ya bati jipya ndani yake. Nina friza mbili, moja ya nyama na moja ya samaki. Vyote vimeandikwa jina langu.